Vipande vya msimbo: kwa nini akiba hugeuka mzigo

Karibu kila anayeandika programu ana akiba yake ya vipande vya msimbo, yaani mistari ya programu aliyoitunza aitumie tena. Mmoja ameiweka kwenye folda iliyojaa mafaili yenye majina kama jaribu2 na mpya_kabisa, mwingine kwenye meseji anazojitumia mwenyewe, mwingine kwenye kivinjari chenye mamia ya kurasa za "nitasoma baadaye". Ndani yake mna vitu vya maana kweli: mistari mitano inayopanga tarehe, amri ya kurudisha faili lililofutwa, njia iliyomtoa mtu kwenye usiku mgumu. Shida huonekana siku anayorudi kuichukua. Anakuta mistari kumi na miwili asiyoikumbuka, hajui aliitoa wapi, ilikuwa inatatua nini, wala kama bado inafanya kazi.

Wengi hudhani dawa ni kupata programu bora zaidi ya kuhifadhia. Sikubaliani nao. Kipande cha msimbo kinapokatwa pale kilipozaliwa, huacha nyuma mambo yaliyokifanya kiwe sahihi: toleo la lugha, aina ya data iliyotarajiwa, ruhusa ya kukitumia, na sababu ya kuandikwa vile kilivyoandikwa. Asiyeyachukua mambo hayo pamoja na mistari yenyewe amechukua nusu tu.

Kazi ya tangu 1949

Kukusanya na kugawana msimbo ni mazoea ya zamani kuliko lugha zote za programu zinazotumika leo. Kompyuta ya EDSAC ilipoanza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, Maurice Wilkes na wenzake David Wheeler na Stanley Gill waliona upesi kwamba hesabu zilezile zingeandikwa upya na kila mtu. Wakaanza kuzihifadhi kama vijiprogramu vilivyotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Kufikia 1951 maktaba yao ilikuwa na vijiprogramu 87. Aliyehitaji kimoja alikinakili kwenye utepe wa programu yake, akaendelea na kazi.

Kinachonivutia zaidi si idadi hiyo. Kila kijiprogramu kilikuwa na maelezo yake: namna ya kukiita, nafasi kinayochukua kwenye kumbukumbu, muda kinaotumia. Mwaka 1952 Wheeler aliandika kwamba hata kijiprogramu kikishaandikwa na kujaribiwa, bado inabaki kazi kubwa ya kukieleza ili mtu asiyejua kilivyo ndani aweze kukitumia, na kwamba kazi hiyo ya mwisho huenda ndiyo ngumu kuliko zote.

Mwaka 1955 watumiaji wa kompyuta za IBM nchini Marekani waliunda kikundi walichokiita SHARE ili wapeane programu badala ya kila mmoja kujiandikia zake. Ukiruka hadi 2008, unakuta Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, imefunguliwa, na mwaka huohuo GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya msimbo, ikaanzisha Gist, huduma ya kuweka kipande kimoja na kumpa mtu kiungo chake. Kunakili kukawa jambo la sekunde mbili. Kilichopungua njiani ni yale maelezo aliyoyasisitiza Wheeler.

"Kinafanya kazi" maana yake nini?

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Mtu akisema kipande kinafanya kazi, mara nyingi anamaanisha kilifanya kazi kwake, siku ile, kwa data ile.

Chukua mfano maarufu wa kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa, kwa kuigawa orodha nusu kwa nusu. Kila mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa. Kiini chake ni mstari mmoja wa kutafuta katikati, ambamo chini na juu ni namba za nafasi ya mwanzo na ya mwisho ya sehemu inayotafutwa:

```
katikati = (chini + juu) / 2
```

Ukiutazama hauoni kosa, na kihisabati halipo. Lakini katika lugha kama Java, namba kamili ya kawaida haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vitu vipatavyo bilioni moja au zaidi, chini ukijumlisha na juu unaweza kuvuka kikomo hicho, jumla ikageuka kuwa hasi, na programu ikaanguka. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika toleo lililokuwa ndani ya maktaba rasmi ya Java, alieleza kwamba kasoro hiyo ilikaa humo takriban miaka tisa kabla ya mtu kukwaana nayo. Namna moja ya kuirekebisha ni kuandika hivi:

```
katikati = chini + (juu - chini) / 2
```

Fikiria ni mara ngapi mstari ule wa kwanza ulinakiliwa katika miaka hiyo. Wengi hawakupata madhara yoyote kwa sababu orodha zao zilikuwa ndogo. Kwa hiyo swali la kuuliza kipande si kama kinafanya kazi, bali kinafanya kazi mpaka wapi.

Mfano wa pili unatoka Stack Overflow kwenyewe. Mwaka 2010 mtu alijibu swali kuhusu namna ya kuonyesha ukubwa wa faili kwa namna inayosomeka, yaani baiti zigeuzwe kuwa kB, MB na kadhalika. Jibu lake lilikuwa fupi na la kupendeza, lilitumia logarithimu badala ya kuzunguka kwenye kitanzi. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa ndicho kipande cha Java kilichonakiliwa zaidi kutoka pale kwenda kwenye miradi ya GitHub. Mwaka 2019 mwandishi wake mwenyewe akatangaza kwamba kilikuwa na kasoro. Ukikipa baiti 999,999, kinajibu "1000.0 kB" badala ya "1.0 MB". Kinachagua kizio kwanza, halafu ndipo kinakadiria desimali, na kule kukadiria kunaipandisha namba juu ya kizio kilichokwisha kuchaguliwa.

Mwandishi alisahihisha jibu lake. Nakala zilizokwisha kusambaa, hakuna aliyezisahihisha kwa niaba ya wenyewe. Hapo ndipo umuhimu wa kuandika chanzo unapoonekana. Watu huchukulia chanzo kama adabu tu ya kumtaja aliyekusaidia, na adabu hiyo ni nzuri, lakini chanzo pia ndiyo njia yako ya kurudi na kuuliza kama kuna jipya. Bila kiungo, marekebisho hayana pa kukufikia.

Kisha kuna uzee. Kwa miaka mingi mafunzo ya PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, yalifundisha kuwasiliana na hifadhidata kwa fankisheni ya mysql_query. PHP 5.5 ya mwaka 2013 ikatangaza kuwa haifai tena, na PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, ikaiondoa kabisa. Kipande kinachoitumia leo hakitaamka, na hiyo ni heri, kwa sababu kinakufa mbele ya macho yako. Cha kuogopa ni kile kinachoendelea kufanya kazi huku kikiwa na hatari. Mafunzo mengi ya wakati ule yalijenga swali la hifadhidata kwa kuunganisha maneno:

```
"SELECT * FROM watumiaji WHERE jina = '" . $jina . "'"
```

Mtu akiandika jina la kawaida, mambo ni shwari. Akiandika `' OR '1'='1`, alama ya nukuu ya kwanza inafunga jina, na sehemu inayobaki inakuwa sharti ambalo ni kweli siku zote, hivyo hifadhidata inamtolea watumiaji wote. Njia salama ni kutenga swali na data, swali likaandaliwa kwanza na thamani zikapelekwa kando, na lugha zote kubwa zina namna ya kufanya hivyo. Ukiwa na kipande cha aina ile ya zamani kwenye akiba yako, usikiwekee onyo. Kifute.

Nani amekuruhusu?

Wengi huamini kwamba kilichowekwa hadharani ni cha wote. Sheria haisemi hivyo. Chini ya Mkataba wa Berne, unaofuatwa na nchi nyingi duniani, kazi hulindwa tangu inapoandikwa, bila mwandishi kuisajili popote. Msimbo uliowekwa kwenye mtandao bila leseni yoyote unaweza kuusoma, lakini haki ya kuutumia ndani ya programu yako hujapewa. Ukimya wa mwandishi si ruhusa.

Majibu ya Stack Overflow yako chini ya leseni ya Creative Commons inayotaka umtaje mwandishi na ugawe kazi iliyotokana na yake kwa masharti yaleyale. Sharti hilo la pili linaweza kuleta mgongano kwenye mradi wa biashara uliofungwa. Leseni ya MIT ni nyepesi zaidi, inakuachia karibu kila kitu mradi tu ubakize tangazo lake la hakimiliki. MDN, ambako watengenezaji wa tovuti hujifunza mengi, imeweka mifano yake yote ya msimbo iliyoongezwa kuanzia tarehe 20 Agosti 2010 chini ya CC0, ambayo maana yake ni kwamba mwandishi ameachia haki zake na hakuna unachodaiwa. Maelezo yaliyouzunguka mfano huohuo, hata hivyo, yana leseni nyingine. Ukurasa mmoja, masharti mawili.

Mstari mmoja wa kawaida ambao kila mtu angeuandika vilevile kwa kawaida hauna ubunifu wa kutosha kulindwa. Mpaka uko wapi, mahakama za nchi mbalimbali huamua kila kesi kivyake. Ushauri wangu ni rahisi: andika leseni siku unayochukua, kwa sababu siku hiyo ukurasa uko wazi mbele yako. Na ukigawa vya kwako, weka leseni. Watu wengi wakarimu huwanyima wenzao bila kukusudia kwa kusahau faili moja dogo.

Kipande kilichokamilika kinafananaje

Nionyeshe kimoja. Hiki kinaondoa vitu vinavyojirudia kwenye orodha ya Python bila kuvuruga mpangilio wake:

```
# Kazi: kuondoa vinavyojirudia, mpangilio ubaki ulivyo
# Inahitaji: Python 3.7 au zaidi
# Haifai: orodha yenye orodha au kamusi ndani (TypeError)
# Angalia: 1 na True huhesabiwa kitu kimoja
# Jaribio: [3, 1, 3, 2, 1] -> [3, 1, 2]
# Chanzo: nimekiandika mwenyewe. Leseni: CC0

def ondoa_marudio(orodha):
    return list(dict.fromkeys(orodha))
```

Maelezo ni marefu kuliko msimbo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mstari wa toleo haupo kwa urembo. Python 3.7, iliyotoka 2018, ndiyo iliyoahidi kwamba kamusi (dict), aina ya data ambayo kipande hiki kinaitegemea, itatunza mpangilio wa vitu kama vilivyoingizwa. Kabla ya hapo hukuwa na haki ya kutegemea jambo hilo, na kwenye matoleo ya zamani kipande hiki kingekurudishia vitu vilivyochanganyika bila kulalamika hata kidogo. Mstari wa jaribio nao ni wa thamani kuliko unavyoonekana. Baada ya mwaka mmoja, ukiwa na shaka, unabandika ile orodha ya namba tano, unatazama jibu, na shaka inakwisha papo hapo.

Nimeupa uzito mstari wa "Haifai" kuliko mingine. Mwandishi wa kipande hujua mipaka yake wakati anakiandika tu, jioni ileile tayari imeanza kumtoka kichwani. Ukiwa na muda wa kuandika mstari mmoja tu, andika huo.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi, sina mengi ya kusema. Mafaili ya maandishi ya kawaida yanayotunzwa kwa Git, programu ya kuweka historia ya mabadiliko ya mafaili, yanatosha, kwa sababu yanafunguka popote na yanatafutika kwa neno lolote. Yape majina ya tatizo, si ya chombo. Saa ya shida utakumbuka "ondoa marudio", hutakumbuka "dict.fromkeys".

Kabla hujampa mwingine

Vipande vingi huzaliwa ndani ya kazi halisi, na kazi halisi ina siri: nenosiri la hifadhidata, ufunguo wa huduma ya kulipia, anwani ya seva ya ndani, majina ya wateja kwenye data ya majaribio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walipochunguza GitHub, matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha hazina za msimbo zaidi ya 100,000 zilizokuwa zimevujisha funguo. Na kufuta mstari baadaye hakusaidii, kwa sababu Git hutunza historia yote na kuna programu zinazopekua hazina mpya muda wote zikitafuta funguo. Ufunguo ukishatoka nje, kitu cha kwanza ni kuubatilisha kwa aliyeutoa, ndipo usafi wa historia ufuate. Ijulikane pia kwamba Gist iliyowekwa kama ya siri haina ulinzi wa kweli, yeyote mwenye kiungo anaifungua.

Namna ya kutuma nayo huharibu mengi. Picha ya skrini inaonekana vizuri lakini haitafutiki, hainakiliki, na mtu asiyeona anayesomewa na programu ya sauti hapati kitu. Programu za kuandikia barua hugeuza nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na lugha za programu hazizitambui hizo. Programu za meseji nyingi huchukulia nyota na mistari ya chini kuwa alama za kukoleza au kulaza maandishi, hivyo `__init__` ya Python inaweza kumfikia mwenzako ikiwa imenyofolewa. Nafasi za mwanzo wa mstari zikipotea, Python nzima imepotea. Tuma faili, au weka mahali panapotambua msimbo, utume kiungo.

Orodha za kujifunzia

Vyanzo vya kujifunza vinakumbwa na ugonjwa uleule, ila huko unajificha vizuri zaidi. Tangu chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilipotangaza mwaka 2001 kwamba kingeweka masomo yake wazi kwa wote, na baadaye kuja freeCodeCamp mwaka 2014 na mfululizo wa CS50 wa Harvard, hakuna anayeweza kusema vyanzo vya bure ni haba. Uhaba ulihama. Sasa anayeanza hukabidhiwa orodha ya viungo mia mbili na kuambiwa "anza hapo", naye hana kipimo cha kujua hapo ni wapi.

Viungo vyenyewe hufa. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo 2013 hazikuwa zikifunguka miaka kumi baadaye. Google Code, iliyokuwa nyumba ya miradi mingi ya wazi, ilifungwa mwezi Januari 2016. Kwa hiyo orodha isiyo na tarehe ya mara ya mwisho kukaguliwa, mimi huichukulia kuwa imekufa mpaka ithibitike vingine. Ukurasa unaouthamini sana uombee nakala kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, kisha weka viungo vyote viwili.

Lakini tarehe peke yake haimsaidii mwanafunzi. Anachohitaji kujua ni chanzo hiki kinamfaa nani, anapaswa awe anajua nini kabla, na akimaliza ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi. "Mafunzo mazuri ya JavaScript" haisemi kitu. "Kwa anayejua vitanzi na fankisheni lakini bado anachanganyikiwa na msimbo unaosubiri majibu ya seva, utamaliza ukiwa umeandika ukurasa unaovuta data na kuonyesha kosa mtandao ukikatika" inamwokolea mtu wiki nzima. Vyanzo vitano vilivyoelezwa hivyo, na aliyevimaliza mwenyewe, ninavithamini kuliko mia mbili vilivyobandikwa kwa pupa.

Kuna jambo moja ambalo wakusanyaji, nikiwemo, hatulipendi: kuhifadhi kunatoa hisia ya kujua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yaliyolinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa msimbo, tafsiri yake ni kufunga ukurasa na kukiandika kipande upya kutoka kichwani, kisha kufungua na kulinganisha. Pale ulipokwama ndipo ambapo hukuwa umeelewa, hata kama wakati wa kusoma kila mstari ulikuwa unaitikia kwa kichwa.

Vyombo vya akili mnemba vimeongeza uzito wa jambo hili. Mwezi Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyotungwa nayo, kwa sababu mengi yalikuwa na makosa huku yakionekana sahihi. Vyombo hivyo vimeboreka tangu hapo, lakini kipande vinachokupa mara nyingi hakiji na tarehe, leseni wala mtu wa kumrudia. Kwenye mstari wa chanzo andika hivyo waziwazi, na jaribio lako liwe kali maradufu: orodha tupu, namba hasi, maandishi yenye nukuu ndani, faili kubwa kuliko ulilozoea.

Kwa aliye na rundo la zamani tayari, usijaribu kulisafisha lote kwa siku moja, utaishia kukata tamaa jioni. Acha lilivyo. Kila unapokwenda kuchukua kitu humo kwa ajili ya kazi halisi, kiandikie ile mistari sita kabla hujakitumia, kisha kihamishie kwenye folda mpya. Baada ya mwaka mmoja, vilivyobaki kwenye rundo ni vile ambavyo hukuvihitaji, na folda yote hiyo unaweza kuifuta.